Vyuma katika Stoo ya Mahindi

4 Machi, Nyamwaga

Mkono wa kulia bado ni wangu, kwa hiyo naandika. Wa kushoto uliniacha Desemba, pamoja na mguu wake, asubuhi nilipokuwa nachambua maharage barazani. Daktari hakunificha: kiharusi kingine kikija, kwa umri huu na moyo huu, kitanichukua. Nimekuwa mwalimu wa jiografia, kisha mkuu wa shule, na nimesahihisha maandishi ya watu maisha yangu yote. Haya yangu nataka yawe ya kweli kabla sijaondoka, hata kama ukweli wenyewe hautanipendeza.

Anayeniosha, kunivalisha na kunishika hadi chooni ni Gati. Mgeni akiuliza ni nani kwangu, huwa nasema mkamwana, nikaacha hapo. Mimi na marehemu Nelson hatukupata mtoto. Alipokufa nilifanya wanachofanya wanawake wa Kikurya ambao nyumba zao hazina mrithi: nilitoa ng'ombe, nikaoa mke. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Mke huyo huzaa kwa jina la nyumba, na mwanamume aliyempa mtoto hana neno. Gati alitoka Nyambureti akiwa na miaka ishirini na moja. Walimu wenzangu walinicheka chini chini: mama mwenye digrii anaoa kwa ng'ombe. Sikujali. Nilikuwa nimechoka kula peke yangu.

Gati alinizalia Robi, ambaye sasa yuko darasa la pili. Robi ananiita Bibi. Gati ananiita Mama.

12 Machi

Hospitali. Gati aliomba pikapu ya mtu wa ndizi. Mimi nikakaa mbele, yeye nyuma na mikungu. Tulinasa kwenye tope mara mbili, akashuka kusukuma, akarudi na tope hadi kwenye nyusi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinitembeza kati ya vyuma viwili nikahema kama ng'ombe wa plau. Alisema nirudi mara tatu kwa wiki, la sivyo mguu utakakamaa.

Gati alimtazama kama mtu aliyeambiwa ahamishe mto. "Daktari, barabara yetu umeiona?"

"Basi tengenezeni nyumbani. Si lazima ukumbi. Chumba kimoja kinatosha."

Gati akatoa simu, akapiga picha kila kitu: vyuma, kapi yenye kamba, ngazi ndogo, mifuko ya mchanga, hata kiti. Mtaalamu alicheka. Gati hakucheka.

13 Machi

Chumba chenyewe ni stoo ya mahindi. Hatuna kingine. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, vidole vinakaribia kuta zote mbili. Magunia yaliyobaki Gati ameyasukuma chini ya kitanda chake.

"Julai mahindi mapya yataingia," nikamwambia. "Stoo itahitajika."

"Julai utakuwa unayabeba wewe, Mama."

"Ni chembamba mno."

"Ndiyo uzuri wake. Ukiangukia kushoto, ukuta. Ukiangukia kulia, ukuta. Sasa utaangukia wapi?"

15 Machi

Mvua. Gati amefagia fukusi siku nzima. Robi alisimama mlangoni kuwatazama panya wakihama, kisha akasema yeye humo haingii tena.

19 Machi

Amekuja fundi wa kuchomelea kutoka senta, anaitwa Waitara. Nguo zake zimetobolewa na cheche kama zimeliwa na mende. Alinisalimia shikamoo vizuri, akaingia stoo, akakaa humo ndani muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa chumba kidogo namna ile.

"Mwalimu, tukichimbia nguzo chini, chumba kimekwisha. Kiti hakitaingia, na huyu wa kukushika hatapata pa kusimama."

"Basi?"

"Vyuma vishikwe na kuta, kwa bawaba. Ukitaka kutembea tunavishusha. Ukimaliza tunavikunja juu, tunavifunga kwa ndoano, chumba kinabaki wazi."

Ni wazo zuri, lakini sikumwambia hivyo. Nilimwona kijana anayependa kuongea na Gati kuliko kushika chuma.

23 Machi

Vyuma vimefungwa. Nilisimamishwa katikati yake nikabaki nimening'inia kwa makwapa kama shati kwenye kamba. Kumbe Waitara alichukua kipimo kwenye kiuno cha Gati.

"Sasa mimi ningempima Mwalimu vipi?" alijitetea. "Alikuwa amekaa."

"Kwa hiyo ukaona upime kilichosimama," nikasema.

Gati alitoka nje upesi, nikasikia akicheka nyuma ya nyumba. Waitara alivishusha vyuma vyote upya, uso umemwiva.

27 Machi

Kapi ya kuinulia mkono wameifunga kwenye kenchi mbovu. Nilivuta kamba kwa mkono mzima ili unyanyue ule mlegevu, bati likainuka badala ya mkono, mvua ikatumwagikia. Wamehamishia kapi kwenye kenchi nyingine, na mahali pa kwanza pamezibwa kwa lami.

1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Leo nimesimama kwa kushika chuma peke yangu. Gati alikuwa mbele yangu amenyoosha mikono bila kunigusa, kama anayefundisha mtoto. Chumba sasa kina kila kitu: kiti chenye mikono cha kukaa na kuinuka, tofali mbili za kupandia, mifuko ya sukari aliyoishona na kuijaza mchanga nifunge kifundoni, kioo cha kabati la marehemu ili nione bega linavyoshuka, na godoro linalotundikwa ukutani lisile nafasi. Kila kitu kina ndoano yake. Kwa mara ya kwanza nilijitazama kwenye kioo kile nikiwa nimesimama. Sikujitambua mara moja.

9 Aprili

Mvua. Mazoezi. Mvua.

14 Aprili, Jumapili

Gati aliniacha kwenye kiti cha mazoezi nipumzike. Dirisha la stoo halina kioo, ni wavu tu. Waitara alikuja kujikinga mvua chini ya paa, Gati akiwa pale anakinga maji kwa ndoo. Nilisikia kila neno, na sikukohoa.

"Gati, nijibu."

"Nikujibu nini na mvua hii?"

"Nataka niwaone wazee wa ukoo. Niwarudishie ng'ombe wao, nikuoe kama watu wanavyooana."

"Na huyu Mama nimwache na nani? Na panya?"

"Sikusema umwache."

"Sikiliza. Siku Mama atakapokwenda chooni akarudi bila mkono wa mtu, siku hiyo nitakujibu. Kabla ya hapo usiniulize."

"Na asipopona?"

"Basi hutaniuliza."

Ndoo ilijaa, wakabadilisha nyingine. Waitara alisema tu, "Haya, na sisi tumponye."

18 Aprili

Nitaandika hili polepole, kwa sababu ndilo nililoanzia daftari bila kujua.

Gati alikuwa shambani anapalilia, Robi shuleni. Aliniacha kitandani. Nilijivuta hadi stoo nikishika ukuta, nikashusha vyuma, nikatembea kwenda na kurudi nikiwa nimevishika. Kisha nikaviachia. Mguu wa kushoto uliburuta, lakini ulikuja. Nilitoka nje. Nilikwenda chooni, nikarudi. Mvua ndogo ilinilowesha mabega, na sikuwa na mkono wa mtu.

Nilisimama barazani. Gati alionekana kule chini kwenye mahindi, amefunga kanga nyekundu kichwani, amenipa mgongo. Ningeita jina lake, sauti ingefika. Nilifungua mdomo.

Nikarudi kitandani. Nikafuta miguu tope kwa shuka, shuka nikaisukuma chini kabisa ya nguo chafu. Aliporudi akaniuliza, "Mama, hujambo huko?" nikamwambia, "Mguu leo mzito."

28 Aprili

Shemeji Werema amekuja kuniona, mdogo wake marehemu. Yeye ndiye msemaji wa ukoo kwa mambo ya nyumba hii. Alichungulia stoo akatikisa kichwa.

"Shemeji, mmejenga jela?"

"Ni ya mazoezi."

"Mtu akitaka mazoezi si ashike jembe." Akacheka mwenyewe. Kisha akashusha sauti, ingawa Gati alikuwa jikoni na alisikia vyema. "Huyu mkeo mwangalie. Fundi anaingia na kutoka. Akitaka kwenda aende, lakini mtoto ni wa nyumba. Mke akimkimbia mwenye nyumba aliye kitandani, hata akirudisha ng'ombe, mtoto hambebi. Hilo analijua."

Nilimjibu kwamba Gati hajakosea kitu. Werema alipoondoka nilijikuta nimetulia. Naandika hivyo hivyo: nilitulia.

6 Mei

Leo nilianguka kwa makusudi. Gati aliniambia niachie chuma kimoja, mkono wa kulia tu, na mwili wangu uliweza. Niliona kwenye kioo kwamba uliweza. Nikalegeza goti. Ukuta wa kushoto ulinipokea kama alivyoahidi siku ile, lakini bega lilichunika.

Alinipaka dawa. Kisha akasema, "Nimekosea wapi? Nafuata picha zile zile. Labda nakuharakisha."

"Hujakosea."

"Basi kuna kitu nimekiruka."

Jioni nilimwona kwenye kigoda cha jikoni na simu yake, anakuza picha za hospitali kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine, anatafuta alichoruka.

11 Mei

Mvua imebeba daraja la miti la huku bondeni. Hakuna aliyekuja.

20 Mei

Waitara ameleta baiskeli isiyo na magurudumu. Ameichomelea miguu ya chuma, akaitengenezea egemeo la mgongo kutoka kiti cha pikipiki, na kwenye pedali ya kushoto ameweka kikombe cha ngozi cha kuushika unyayo usiteleze. Ili iingie stoo, ameikata usukani wote. Kuna mahali ilibaki kama unene wa kidole kati ya pedali na ukuta. Akaichukua tena, akairudisha jioni ikiwa fupi zaidi.

"Hii, Mwalimu, hata ukiwa umekaa mguu unafanya kazi. Mguu mzima unauvuta mgonjwa. Kama ng'ombe wawili kwenye nira, mmoja akijua njia."

Alipiga magoti akanifunga unyayo kwa kamba ya ngozi. Kisogoni ana kovu la moto. Mikono yake, yenye vidole vilivyokauka kwa cheche, ilikuwa myepesi kuliko ya manesi. Huyu ndiye niliyemwita anapenda kuongea. Anaitengeneza kwa subira siku ambayo mimi ninaizuia, na kila anapomaliza kitu kimoja huniuliza kama kinaniumiza.

Nilimwambia kinaniumiza kidogo. Alikilegeza.

3 Juni

Mvua zinakatika. Mahindi yameanza kukauka majani. Nimetembea mara tatu peke yangu Gati akiwa mtoni. Nina nguvu kuliko Novemba, kabla sijaugua. Akirudi nakuwa mgonjwa.

9 Juni, Jumapili

Waitara amepata kazi Mugumu, kwa mtu anayetengeneza mageti na matangi. Alikuja kuaga. Niliketi barazani, mguu umenyooshwa kwenye kigoda, na wao walisimama mbele yangu kama wanafunzi waliochelewa.

"Naondoka kesho, Mwalimu. Nati za vyuma uwe unamwambia Gati azikaze kila wiki. Zinalegea kwa mtikisiko."

"Nitamwambia."

"Ungekuwa umepona ningefurahi." Hakuwa na kinyongo. Alimgeukia Gati, "Nitasubiri mpaka mahindi yaingie ndani. Baada ya hapo sijui."

"Mimi sikukuambia usubiri," Gati akasema.

"Uliniambia."

Gati alimsindikiza hadi kwenye migomba ya jirani, akarudi, akaniambia ni saa ya mazoezi. Alinishikia mgongo wakati wa kuinuka na kukaa, kama kila siku. Viganja vyake vilikuwa vya baridi. Nilipaswa kusema pale. Niliinuka, nikakaa, nikainuka, nikakaa.

17 Juni

Ninajiuliza naogopa nini. Si kufa peke yangu. Mtu hufa peke yake hata nyumba ikijaa. Naogopa asubuhi ambayo hakuna anayesema "Mama, umeamkaje" kabla sijafumbua macho. Kwa asubuhi hiyo nimekula ujana wa mtu.

30 Juni

Jua kali. Gati na vibarua wamekata mahindi.

12 Julai

Leo mahindi yaliingia, na stoo ilibidi ivunjwe.

Gati alianza asubuhi. Alifungua kapi, akakunja kamba. Alimwaga mchanga wa mifuko kwenye shimo la njia. Godoro, kioo na tofali alivitoa nje. Mimi nilikuwa kwenye kiti chenye mikono, ndani, kwa sababu nilisema nataka kutazama. Alitia spana kwenye nati za chuma cha kwanza akatoa upande mmoja, akakosa wa kushika upande wa pili, akaegemeza kichwa kwenye ukuta.

"Mama, nisamehe," akasema huku amenipa mgongo. "Nimeshindwa. Miezi yote hii. Mwingine angeweza kukuinua, mimi nimeshindwa."

Nilisikia ng'ombe wa jirani wakipita, na Robi nje akiimba namba.

Niliinuka. Sikushika mkono wa kiti. Nilivuka chumba, hatua si nyingi chumba kile, nikashika mwisho wa pili wa chuma na kukiinua kutoka kwenye bawaba kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukisaidia. Gati aligeuka akakuta chuma kiko mikononi mwetu wote wawili.

Alinitazama miguu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi, "Tangu lini?"

"Tangu Aprili. Nilikwenda chooni nikarudi. Ulikuwa unapalilia."

"Aprili."

"Niliwasikia wewe na Waitara, dirishani."

Aliweka upande wake chini taratibu, nami nikaweka wangu. Alikaa kwenye gunia la mahindi mapya.

"Ile siku umeanguka ukachunika bega?"

"Nilijiangusha."

"Nilipokuwa nakubeba mgongoni usiku ule choo kimefurika?"

"Niliweza kutembea."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Ningependa anipigie kelele.

"Jibu langu ulilijua?" aliniuliza.

"Ungekwenda naye."

"Ningemwambia ajenge hapo nyuma, penye ule mparachichi uliokauka. Tulishapapima kwa kamba. Alisema, Mwalimu akipona atatufundishia watoto. Hukuniuliza, Mama. Ungeniuliza tu."

Alisimama akaendelea kufungua nati. Alimaliza vyuma vyote peke yake, akaingiza magunia yote, akapika, akanipakulia. Chakula alikiweka mbele yangu akatoka nje kula na Robi.

13 Julai

Waliondoka na basi la asubuhi kwenda Mugumu. Gati alinikuta nimekaa kitandani nimeshavaa. Alisema, "Shikamoo." Nikaitikia. Robi aliuliza kama Bibi haji. Gati akamwambia, "Bibi anatembea, akitaka atakuja."

16 Julai

Esta, binti wa jirani, anakuja kunipikia. Watu wanapita kunipa pole. Wanasema, amekutupa kiwete. Niko kitandani wanaponikuta, na sijawakatalia.

19 Julai

Shemeji Werema amekuja na hasira mpya. Alijua kila kitu kwa namna ya wanaojua nusu.

"Amemfuata fundi. Tumemtumia neno: tarehe ishirini na saba aje kwenye ritongo, na mtoto. Wewe hatutakuburuta, Shemeji. Hali yako ndiyo ushahidi. Nitawaambia tu: mwenye nyumba yuko kitandani, hawezi hata kukaa, mke amempa kisogo. Robi anabaki siku hiyo hiyo. Na mimi nakuapia, mtoto akibaki, mama mtu hamalizi wiki, atarudi mwenyewe."

Ritongo ni kikao cha ukoo, na kikishaamua hakuna wa kupinga. Ninachotakiwa kufanya ili wote wawili warudi ni kulala tu.

Aliniwekea mkono begani. "Wewe lala, Shemeji."

23 Julai

Nimelala. Nimefikiri.

25 Julai

Nimezoesha mguu kwa kushika meza ya sebuleni. Stoo imejaa hadi mlangoni.

27 Julai, Jumamosi

Boma la Werema liko juu ya kilima, kupita migomba na kisha kupanda. Nilitoka mapema na mkongojo wa marehemu, nguo ya kanisani, viatu vya kamba. Nilipumzika kwenye jiwe moja, kisha kwenye shina la mti, kisha popote. Wanawake waliokuwa wanapura maharage waliacha kupura. Mmoja aliita, "Mwalimu, ni wewe?" nikasema ni mimi. Hakuna aliyenifuata wala kunisaidia. Nafikiri waliogopa, kama mtu anavyoogopa akimwona aliyemzika.

Nilisikia sauti ya Werema kabla sijafika. Alikuwa amefikia pale pa "hawezi hata kukaa". Nikapita kwenye mlango wa ua.

Kulikuwa na wazee kwenye viti, vijana wamesimama, na Gati kwenye mkeka pembeni, Robi amelala mapajani mwake. Waitara hakuruhusiwa ndani. Nilimpita njiani amechuchumaa kwenye ukuta wa nje, aliponiona akasimama na kofia mkononi.

Werema alinyamaza katikati ya neno.

"Shemeji. Umeletwa na nani?"

"Nimekuja na miguu yangu."

Mzee Benedicto, mwenyekiti, alisema nipewe kiti. Nilikataa. Katika mambo ya nyumba ntobhu mimi ndiye mwenye mke, hawawezi kuninyima kusema, na nilitaka wanione nimesimama kwa muda wote.

Nilisema nimetembea tangu Aprili. Nilisema Gati alinijengea chumba cha mazoezi, akanifanyisha asubuhi na jioni, na kazi yake ilifaulu mapema kuliko yeyote alivyotegemea, nami nikaificha ili asiondoke. Nilisema hakumtoroka kiwete; kiwete hakuwepo. Nilisema mtoto amfuate mama yake, na jina la nyumba liishe nami, asilibebe mwingine baada yangu.

Mwanamke mmoja mzee, mke mkubwa wa Werema, alisema kwa Kikurya, kisha akarudia kwa Kiswahili nisije nikajifanya sikusikia, "Na tulikuwa tunakuombea kanisani. Kila Jumapili." Kijana mmoja akacheka. "Mwalimu alikuwa anatega kazi," akasema, na wengine wakacheka.

Werema hakucheka. "Unajua unachofanya? Nyumba ya kaka yangu inafungwa leo."

"Najua."

"Kwa mdomo wako."

"Ndiyo, Shemeji."

Benedicto aliuliza wazee wawili kwa sauti ya chini. Kisha akasema mke aliyeshikwa kwa uongo hakutoroka, ng'ombe watarudi kwa utaratibu, na mtoto aende na mama yake. Mimi nitoe mbuzi wa kusafisha kikao. Alisema hilo la mwisho bila kunitazama. Nilimfundisha darasa la sita, nikiwa mwalimu mpya.

Nilitoka kabla ya wengine. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Mguu wa kushoto hautaki kutangulia. Kwenye mteremko nilisikia nyayo nyuma yangu. Nilizijua, za Gati. Nikipunguza mwendo zilipunguza. Niliposimama kupumua zilisimama. Mahali penye kokoto niliteleza nikapiga goti moja, na nyayo zikaja mbio hatua mbili, kisha zikakoma. Sikugeuka. Nilijiinua kwa mkongojo, ilichukua muda, naye akangoja.

Alinifuata hivyo mpaka kwenye migomba, ambapo njia ya stendi inachepuka. Nilipofika mlangoni kwangu niligeuka. Njia ilikuwa tupu.

1 Agosti

Mbuzi amepelekwa. Hakuna anayekuja kunipa pole tena. Esta bado anakuja. Ananiita Mwalimu wa Kutega, kwa utani, nami nimezoea.

6 Agosti

Nimefagia baraza mwenyewe. Nilipiga simu ya Gati nimsikie Robi, ikaita mpaka ikakatika.

10 Agosti

Asubuhi hii mguu haukuja. Niliuamuru kama kawaida, na ukabaki kwenye godoro kama kitu cha mtu mwingine. Mkono wa kushoto pia. Ulimi una uzito ambao haukuwepo jana. Naandika nikiwa nimelala, na herufi zinapanda mlima.

Esta alipokuja na uji nilimwambia siwezi kuinuka.

Aliweka kikombe dirishani, mbali na kitanda, akafungua pazia. Alikuwa anatabasamu.

"Mwalimu," akasema, "mimi usinifanye Gati."

Akatoka kwenda kuteka maji. Sikumlaumu. Uji ulitoa mvuke pale dirishani mpaka ukaacha.